Pesa za mashine ya kudurufu CD zina kazi nyingine Kariokor

Mwenye studio ndogo ya video au muziki pale Kariokor, Nairobi, akianza kufikiria kununua mashine ya kudurufu CD na DVD, jambo la kwanza analouliza huwa ni bei. Na bei yenyewe inavutia. Mashine hizi, ambazo zamani zilikuwa za kampuni zenye mtaji mkubwa, siku hizi hupatikana hata mitumba. Kwa umbo ni sanduku la chuma lililosimama wima. Tundu la juu kabisa ni la CD mama, chini yake yamepangwa matundu saba, tisa au kumi na moja ya CD tupu, na pembeni kuna kioo kidogo cha maandishi na vitufe vichache. Haihitaji kompyuta. Unaweka CD mama juu, unajaza tupu chini, unabonyeza, na baada ya dakika chache vitrei vyote vinafunguka kwa pamoja vikiwa vimebeba nakala zilizokamilika. Ni chombo kizuri na hufanya kazi yake barabara. Hata hivyo nashauri kisinunuliwe. Kwa biashara nyingi ndogo za Eastlands, mashine hii huja kutatua shida ambayo biashara haina, ilhali pesa hizo hizo zina kazi nyingine iliyo karibu zaidi na mteja.

Haikuwa hivyo siku zote, na ni haki kueleza ni kwa nini. Kutoka Kariokor hadi River Road ni mwendo wa miguu tu, na River Road ndiko biashara ya nakala ilikojijengea jina. Kanda za kaseti ziliuzwa pale kwa miaka mingi, zikafuatwa na CD, kisha VCD na DVD. Filamu za gharama nafuu za Kikuyu, Kikamba na lugha nyingine, zilizopigwa kwa siku chache na kwenda sokoni moja kwa moja zikiwa kwenye diski, ndizo zilizoipa barabara ile jina la Riverwood. Mtazamaji wa Murang'a au Machakos hakuwa na njia nyingine ya kuona kichekesho kipya ila aipate diski mkononi. Kwa hivyo aliyeweza kutoa nakala elfu moja kabla ya watu kusafiri mwisho wa wiki ndiye aliyekuwa na soko, na aliyechelewa siku chache alikuta maharamia wamekwisha kumtangulia na nakala za kazi yake mwenyewe. Katika mazingira hayo kasi ya kudurufu ilikuwa nusu ya biashara. Msanii au mtayarishaji aliyenunua mashine alikuwa ananunua muda, na muda ule ulikuwa na bei.

Mambo yaliyoushusha thamani muda huo yanajulikana, lakini mara nyingi husimuliwa nusu nusu. Watu hutaja YouTube na kunyamaza. Ni kweli kwamba nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilianza safari ya kushuka bei, na muziki ukahamia kwenye simu. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 17.9 tu ya kaya za Kenya zilizokuwa na intaneti, huku zenye televisheni inayofanya kazi zikiwa asilimia 40.7. Maana yake ni kwamba nyumba nyingi zenye televisheni hazikuwa na intaneti. Kama YouTube ndiyo iliyoiua DVD peke yake, nyumba hizo zingeendelea kununua DVD. Hazikuendelea hivyo. Kilichoingia humo ni king'amuzi. Matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015, kila aliyetaka kuendelea kutazama alilazimika kupata king'amuzi au televisheni ya kidijitali, na vingi vya vifaa hivyo vina tundu la USB ubavuni. Ghafla flashi ndogo iliweza kucheza filamu kwenye televisheni ile ile bila deki. Maduka ya filamu mitaani yaliliona hilo upesi, yakaacha kuchoma DVD na kuanza kujaza flashi za wateja. Matatu nazo zikafuata mkondo huo. Tangu hapo deki ya DVD iliyoharibika sebuleni haikuwa na sababu ya kupelekwa kwa fundi.

Upande wa watengenezaji unasimulia habari ile ile. Taiyo Yuden ya Japani, iliyosifika kwa CD tupu za kutegemewa, ilijitoa kwenye biashara hiyo mwaka 2015. Sony ilisimamisha utengenezaji wa Blu-ray za kurekodia Februari 2025 bila kutangaza mrithi wake. Kompyuta za mkononi zinazouzwa sasa, karibu zote, hazina mahali pa kutia CD. Kwa mnunuzi wa mashine ya kudurufu haya si mambo ya mbali. Ndani ya lile sanduku la chuma mna deki za kuchomea za kawaida, zile zile zilizokuwa zikiwekwa kwenye kompyuta, na deki hizo huchoka. Jicho la leza hufifia, trei hukwama, na deki moja kati ya saba huanza kutoa nakala mbovu huku nyingine zikiendelea vizuri. Deki mpya za kubadilisha zinapopungua sokoni, mashine ya matundu saba huwa ya matano, kisha ya matatu. Anayenunua mtumba hana njia ya kujua deki zile zimekwisha kuchoma diski ngapi, kwa sababu rangi ya sanduku haionyeshi uchovu wa leza.

Lakini tuweke kando umri wa mashine, tuseme ni mpya na nzima. Hesabu ya kwanza inayofaa kufanywa ni ya muda, na wengi huiruka. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Ikichomwa kwa kasi ya 16x, ikiwa imejaa, huchukua kama dakika sita. Fundi makini hushusha kasi hadi 8x ili deki kuukuu za wateja ziweze kuisoma, kwa hivyo tuchukulie dakika kumi pamoja na muda wa kutoa na kupakia. Mashine ya matundu saba itatoa nakala 42 kwa saa. Sasa chukua studio inayopokea oda za nakala 300 kwa mwezi, zikiwemo harusi, sherehe za mahari, mazishi, kwaya moja na mwimbaji mmoja wa injili. Mashine itazimaliza kwa saa saba na kidogo, yaani siku moja. Siku zilizobaki za mwezi itasimama pale kaunta ikipata vumbi. Upande wa pili, kompyuta ambayo studio tayari inayo, ikiongezewa deki mbili za nje za USB, hutoa nakala 12 kwa saa na kumaliza nakala 300 kwa saa 25. Saa hizo hazihitaji mtu akae akitazama, kwani anayehariri video kwenye kompyuta ya pembeni anaweza kunyoosha mkono kila baada ya dakika kumi. Kwa hiyo mashine haikukupa uwezo wa kufanya kazi usiyoiweza. Imekuokolea siku mbili au tatu kwa mwezi, na hizo ndizo siku unazopaswa kujiuliza ni za thamani gani.

Kuna jambo dogo la kuongeza hapa kuhusu stima. DVD ya kuandikwa mara moja haiwezi kuandikwa upya. Umeme ukikatika nakala zikiwa nusu, deki moja huharibu diski moja, na mashine ya saba huharibu saba. Mwenye mashine atalazimika kununua betri ya kukinga umeme usikatike, na gharama hiyo huwa haimo kwenye bei anayotajiwa na muuzaji.

Hesabu ya pili ni ya pesa, nayo hukosewa kwa njia ile ile. Watu huchukua bei ya mashine, wanaigawa kwa faida ya kila nakala, wanapata idadi inayoonekana ndogo, wanakopa. Tuseme, kwa mfano tu, mashine ni shilingi 60,000 na kila nakala inaacha faida ya shilingi 30 baada ya kutoa CD tupu, kasha, karatasi ya jalada, wino na stima. Nakala 2,000 zinarudisha pesa, nayo haionekani safari ndefu. Kosa ni kwamba sehemu kubwa ya faida hiyo ungeipata hata bila mashine. Ungeweza kuchoma kwa deki zako mbili, au kupeleka oda kubwa kwa mwenye mashine mjini na bado ukabaki na chako. Mashine inastahili kuhesabiwa kwa kile inachokuongezea peke yake. Ikiwa inakuokolea shilingi 15 kwa kila nakala ukilinganisha na kumpa mwenzako kazi hiyo, basi unahitaji nakala 4,000. Kwa nakala 300 kwa mwezi hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja, endapo oda hazitapungua. Zikipungua hadi nusu kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, na nusu tena mwaka wa pili, utakuwa umetoa nakala kama 2,700 mwaka wa kwanza na 1,350 wa pili. Ni miaka miwili ya kusaga meno ili ufike pale ulipoanzia, na wakati huo chombo chenyewe hakina wa kukinunua. Kila mmoja aweke tarakimu zake mwenyewe badala ya hizi. Tarakimu zitabadilika, ila swali litabaki lile lile: oda zangu zinapanda au zinashuka, na kwa mwendo gani?

Mtu anaweza kusema kwamba kwa hesabu hiyo hakuna mashine yoyote ambayo ingenunuliwa na mfanyabiashara mdogo. La hasha. Soko la Kariokor lenyewe linaonyesha tofauti. Mafundi wa viatu vya ngozi pale wana cherehani zao, nazo haziokoi muda tu. Cherehani inashona ngozi ambayo mkono ungeshona kwa shida na kwa mshono dhaifu, na mteja anayeondoka na viatu hawezi kwenda kuvizalisha nyumbani kwake. Kila jozi ni kazi mpya, ujuzi wa fundi umo ndani yake, na cherehani ikikaa miaka ishirini bado kuna miguu ya kuvishwa. Mashine ya kudurufu iko kinyume kabisa. Haiongezi ujuzi wowote kwenye kazi, na nakala yake ya kwanza inaweza kuwa mama ya nakala nyingine elfu kwenye simu ya mteja. Anayelipa studio analipa kamera iliyoshikwa imara wakati bibi harusi anaingia, sauti iliyosikika licha ya jenereta, na uhariri uliojua pa kukata. Kunakili ndiko sehemu pekee ya mlolongo ule ambayo mtoto wa shule anaweza kuifanya bure. Kuweka mtaji mahali hapo ni kuuweka pale ambapo mteja hana tena sababu ya kulipa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa waimbaji wa injili na kwaya, nami siwezi kulipuuza. Wanasema YouTube hulipa kidogo, tena hulipa baadaye, na mapato ya miito ya simu kama Skiza hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwa msanii. CD iliyouzwa mlangoni mwa kanisa baada ya ibada huleta noti papo hapo. Ni kweli, na ninawaheshimu wanaoishi hivyo. Lakini tuangalie kinachonunuliwa pale mlangoni. Wengi wa wanaotoa pesa hawana tena cha kuchezea CD ile, na wanajua hivyo wakati wanaitoa. Wanamchangia mwimbaji aliyewagusa, na CD ni shukrani anayowarudishia. Mchango huo hautegemei plastiki. Kwaya inaweza kuuza kadi yenye namba ya kupakulia nyimbo, au flashi ndogo yenye albamu tatu na video, kwa bei ya juu kuliko CD, na namba ya M-Pesa ikiwa imeandikwa pale pale. Na hata kama kwaya inataka CD, oda yake huwa ya msimu: uzinduzi wa albamu, mkutano mkubwa wa injili, Krismasi. Nakala mia tano mara moja kwa mwaka zinafaa kupelekwa kwa mwenye mashine. Hazitoshi kukufanya uwe mwenye mashine.

Wako pia wazazi walio mashambani ambao bado wana deki ya DVD chini ya televisheni, na ambao hawataki kusikia habari za kupakua. Wapo kweli, na harusi ya mtoto wao lazima wapate nakala. Hawa wanahitaji nakala kumi au ishirini kwa harusi moja, kazi ambayo deki mbili za USB huimaliza kwa saa mbili hivi. Magari ya mitumba kutoka Japani nayo huja na redio zenye tundu la CD, na Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka minane, kwa hiyo mtu anaweza kutumaini kwamba bado yataendelea kuingia kwa muda. Tatizo ni kwamba redio hizo nyingi zina Bluetooth au USB pia, na dereva mwenye simu mfukoni hatafuti CD. Hoja hii ya wateja wa zamani ni ya kweli kama sababu ya kuwa na deki mbili nzuri na pakiti chache za DVD tupu. Haijatosha kuwa sababu ya kukopa.

Wengine hutaja kurudi kwa santuri. Kuna banda Kenyatta Market linalouza santuri za miongo iliyopita, na nchini Marekani mwaka 2022 santuri ziliuzwa kwa wingi kuliko CD, karibu milioni 41 dhidi ya milioni 33, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. CD zenyewe zilipanda nchini humo mwaka 2021 baada ya kushuka kwa miaka mingi. Kwa nini basi zisirudi Nairobi? Huenda zikarudi kwa kiasi fulani. Lakini mashabiki wanaonunua albamu hizo wananunua kitu kilichotengenezwa kiwandani: diski iliyopigwa muhuri kutoka kwenye ukungu maalum, picha iliyochapwa juu yake, kijitabu ndani, jina la msanii ambaye tayari ana wafuasi. Mashine ya kudurufu haitengenezi kitu hicho. Hutengeneza CD ya kuchomwa, ambayo data yake imeshikwa na tabaka la rangi linaloathiriwa na mwanga na joto, mara nyingi ikiwa imeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Hakuna mkusanyaji anayeipigania. Hamu ya vitu vya kale, ikifika kwetu, itawafaa wenye diski halisi za zamani, si wenye nakala mpya.

Lipo jambo la sheria ambalo muuzaji wa mashine hatakuambia, na mimi naliona zito kuliko hesabu zote. Mashine isiyo na kazi huanza kutafuta kazi. Mwenye deni la SACCO la shilingi 60,000, ambaye kwaya yake haikurudi mwezi huu, atajiwa na kijana mwenye filamu mpya kwenye flashi na ombi la nakala mia mbili kabla ya jioni. Hapo ndipo wengi wa waliokuwa na nia njema walipotea. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inataka kazi za sauti na za picha zinazouzwa zibandikwe kitambulisho cha uthibitisho kutoka kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Sheria hiyo hiyo haimkamati tu anayetengeneza au kuuza nakala haramu. Inamhusu pia anayemiliki chombo kinachotumika, au kinachokusudiwa kutumika, kuzitengeneza. Filamu nazo zina bodi yake ya uainishaji chini ya Sura ya 222 ya Sheria za Kenya. Mwenye kompyuta yenye deki mbili anaweza kusema bila kusitasita kwamba ni ya kazi za studio. Mwenye mashine ya matundu kumi na moja anayekutwa na mrundo wa filamu za watu wengine hana maelezo mengi ya kutoa. Wasanii wetu wameumizwa na nakala haramu kwa miaka mingi, na sioni haki yoyote katika kuongeza uwezo wa kuwaumiza mtaani kwa mkopo wa kijana ambaye hakukusudia hivyo.

Basi pesa ziende wapi? Jibu langu ni kwamba studio ya Kariokor inunue vyombo vya kusoma CD, iache vya kuchoma. Kwa zaidi ya miaka ishirini familia za Nairobi zimekuwa zikihifadhi maisha yao kwenye diski na, kabla ya hapo, kwenye kanda za VHS. Harusi ya mwaka 2004 iko kwenye VCD mbili ndani ya kabati. Mazishi ya babu yako kwenye DVD ambayo hakuna mtu ameigusa tangu deki iharibike. Kwaya za makanisa zina albamu ambazo nakala ya mwisho imebaki kwa mwinjilisti mmoja. Watayarishaji wa Riverwood, wale waliobahatika kubaki na CD mama, wana filamu ambazo hazipo popote pengine. Rangi iliyoshika data inafifia mwaka hadi mwaka, na kila deki inayotupwa inafunga mlango mmoja zaidi. Oda za kuchoma zinapungua, ila idadi ya watu wenye diski wasizoweza kuzifungua inaongezeka, na kwa sababu zile zile. Huyo mteja wa pili hawezi kujifanyia kazi hii kwa simu yake. Ndipo studio inaporudi kuwa na kitu cha kuuza.

Kazi yenyewe ina ufundi wake. CD iliyochafuka hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu data nyingi zilizopangana. Deki moja hushindwa kusoma diski ambayo deki ya kampuni nyingine inaisoma, kwa hivyo fundi huwa na tatu au nne za aina tofauti, na za mitumba zinafaa kabisa. Diski husomwa polepole, kwa programu inayorudia sehemu mbovu na kuziruka zikishindikana, badala ya kukata tamaa diski nzima. Zile zilizochomwa na kamera bila kufungwa mwishoni zinahitaji ujanja wa ziada, na stika ya karatasi iliyokunjamana inaweza kuifanya diski itetemeke kiasi cha kutosomeka. Ukimaliza, kazi inawekwa mahali pawili tofauti, mteja anapewa kwenye flashi au diski ngumu na kiungo cha kutuma kwa jamaa walio Doha au Minnesota. Deki nne, mashine moja ya VHS, diski ngumu mbili kubwa na muda wa kujifunza vinaweza kugharimu chini ya ile mashine ya kudurufu tuliyoikadiria, na hakuna hata kimoja kinachokaa bure kikikosa oda ya mia tatu. Mwenye studio akumbuke tu kwamba picha za watu anazozihifadhi sasa ziko chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kwamba filamu ya mtu mwingine haigeuki kuwa mali ya mteja kwa sababu imekaa kabatini mwake.

Naikubali kasoro moja ya ushauri huu. Kazi ya kuokoa diski za zamani ina mwisho. Familia ikiokolewa kanda zake mara moja haitarudi na nyingine, na miaka kumi ijayo zilizobaki hazitakuwa na cha kuokoa. Lakini ni biashara ambayo ushindani wake bado ni mdogo, inaingiza studio ndani ya sebule za watu, na anayemrudishia mama sauti ya mumewe marehemu ndiye atakayeitwa kupiga video ya harusi ya mjukuu. Mashine ya kudurufu nayo ina mwisho, tena wa karibu zaidi, na haimfikishi mtu sebuleni kwa yeyote.

Wapo wachache ambao ningewaambia wanunue. Ni wale ambao tayari wana oda zilizolipiwa arbuni, kutoka kwa wateja zaidi ya mmoja, kwa idadi ambayo deki mbili haziwezi kuimaliza kwa wakati, na ambao wanaweza kurudisha bei yote ya mashine ndani ya miezi sita bila kutegemea oda ambazo bado ni ahadi. Kanisa kubwa linalosambaza mahubiri kila wiki kwa matawi ya mashambani linaweza kuwa mmoja wao. Na aliyekwisha kununua asiione mashine kama hasara ya kufichwa. Awaambie wenye studio wa Ziwani, Starehe, Pumwani na Shauri Moyo kwamba anachukua oda zao kwa bei ya jumla, aandike bei kwa kila nakala na muda wa kukabidhi, na adai barua ya mwenye kazi kabla ya kubonyeza kitufe. Kwa kiasi cha nakala kinachohitajika sasa, mashine moja inatosha mitaa hiyo yote.